Utalii wa Mlima Kilimanjaro na uchumi wa vijiji vyake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Kilimanjaro: kijana anayetaka kupanda na msafara, mama mwenye kuku wa mayai, kikundi chenye kahawa, mwenyekiti wa kijiji anayeona magari ya wageni yakipita kila asubuhi bila kusimama. Fedha za mlima ni nyingi, lakini hushukia vijijini kwa mikondo michache, na kila mkondo una mahali pake panapovuja.

Mgeni analipa fedha nyingi kupanda mlima. Zinakwenda wapi?

Zigawe mafungu manne. La kwanza ni ada za hifadhi: kuingia kila siku, kupiga kambi au kulala kwenye vibanda, na uokoaji. Kwa mgeni wa nje hili ni fungu kubwa sana, nalo linakwenda serikalini, si kijijini. La pili ni la kampuni: ofisi, magari, matangazo, kodi na faida. Kampuni nyingi ziko Moshi mjini na Arusha, na baadhi ya safari huuzwa na mawakala wa Ulaya na Marekani ambao hukata chao kabla fedha hazijafika nchini. La tatu ni la wafanyakazi wa mlimani, yaani mishahara na bakshishi, ambayo mlimani huitwa tipu. La nne ni chakula, usafiri na malazi ya kabla na baada ya kupanda.

Kijiji kinaishi kwa mafungu mawili ya mwisho. Watafiti wa taasisi ya ODI ya Uingereza, katika ripoti ya 2009, walikadiria kwamba asilimia 28 hivi ya matumizi ya wapanda mlima ndani ya nchi huwafikia watu wa kipato cha chini, na kwamba kilichofikisha zaidi ni ujira na tipu za wafanyakazi. Kwa utalii, hicho ni kiwango kizuri. Kwa hiyo anayetaka kuinua kipato cha kijiji aanze na ujira wa mpagazi, ndipo aje kwenye vinyago na ngoma.

Kwa nini vijiji vingine vinanufaika na vingine, vilivyo jirani kabisa, havipati kitu?

Ni jiografia ya njia. Marangu (Moshi Vijijini) ndiyo njia yenye vibanda: Mandara, Horombo na Kibo. Mgeni hupanda na kushuka palepale, kwa hiyo Marangu humwona mara mbili. Machame huanzia wilaya ya Hai, Lemosho huanzia upande wa Londorossi wilayani Siha, na Umbwe huanzia Kibosho. Wageni wa njia hizi tatu hushukia Mweka. Rongai huanzia upande wa Rombo, na wengi wa wapandao huko hushukia Marangu.

Matokeo yake ni kwamba pale Machame mgeni anafika na vitu vyote vimeshanunuliwa Moshi, amevaa, ana haraka. Anasubiri kusajiliwa, anapanda. Mweka anashuka amechoka, ana njaa, ana furaha, na fedha bado ziko mfukoni. Ndiyo maana Mweka kuna biashara ya soda, bia, fulana na kuosha viatu, na Machame biashara ya mgeni mwenyewe ni ndogo. Kijiji cha lango la kupandia kiwauzie wapagazi: chai, chapati, supu, soksi, makoti ya mvua, betri. Asubuhi moja ya msimu hukusanya mamia ya wapagazi getini, na wao ndio wateja wa mama lishe.

Msafara mmoja unaajiri watu wangapi?

Chukua wageni 2, njia ya Machame, siku 7. Kuna kiongozi, msaidizi wake, mpishi, na wapagazi. Idadi ya wapagazi hutokana na kilo. Mabegi ya wageni ni kilo 15 kila moja, jumla 30. Ongeza mahema ya kulala ya wageni, hema la kulia na meza na viti, jiko na mitungi ya gesi (kuni haziruhusiwi), vyombo, choo cha kubebwa, mahema ya wafanyakazi, na chakula cha watu wote. Jumla hufika kilo 150 kwa urahisi. Mpagazi hubeba kilo 20 za kampuni, mbali na vitu vyake vinavyohesabiwa kama kilo 5. Gawanya 150 kwa 20: wapagazi 8.

Wageni wawili, ajira kumi na moja. Njia ya Marangu, kwa kuwa ina vibanda, huhitaji wachache zaidi.

Uzito unapimwa wapi, na ulaghai unafanyikaje?

Mizani iko getini na kwenye kambi. Ulaghai wa kawaida ni huu: kampuni inaandikisha wapagazi 8, mizigo inapita kwenye mizani vizuri, kisha hatua mia kadhaa ndani ya msitu mizigo inagawanywa upya na wawili wanarudishwa nyumbani. Waliobaki wanabeba kilo 25 hadi 28 kila mmoja. Namna nyingine ni kuwateremsha wapagazi siku ya tatu au ya nne kwa hoja kwamba chakula kimepungua, na kuwalipa siku walizofanya tu. Chakula hupungua kweli, lakini hema lililolowa mvua huwa zito kuliko lilivyotoka getini.

Mpagazi auone mzigo wake ukipimwa na aikumbuke namba. Akibebeshwa zaidi baadaye, aripoti kwenye mizani ya kambi inayofuata kwa askari wa hifadhi. Huko juu ushahidi ni mzigo wenyewe, ukishashuka haupo tena.

Nawezaje kupata kazi ya upagazi?

Uwe na miaka 18 au zaidi na kitambulisho cha Taifa. Wengi huingia kupitia kiongozi au mpishi wanayemfahamu, kwa sababu kiongozi ndiye huchagua timu. Hapo ndipo penye tatizo kubwa: wapo wanaodai kitu kidogo kabla ya kukuandika. Usilipe. Anayekuuzia nafasi ataidai tena kwenye tipu yako. Njia ya haki ni kupeleka jina moja kwa moja kwenye ofisi za kampuni, hasa zinazoshirikiana na KPAP, mradi ulioanza 2003 wenye ofisi Moshi, unaofuatilia namna kampuni zinavyowatendea wapagazi. KPAP pia huazima nguo za mlimani kwa wapagazi bila malipo. Kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa vifaa kamili ni ghali.

Vifaa ambavyo usipande bila kuwa navyo: buti imara, jozi tatu za soksi, koti na suruali zisizopitisha maji, sweta nzito, kofia, glavu, begi la kulalia, tochi ya kichwani. Wapagazi wamekufa mlimani kwa baridi wakiwa na nguo za mjini zilizolowa. Unaweza kuondoka getini kwenye joto na siku tatu baadaye ukalala penye barafu.

Kichwa kikiuma sana, ukitapika, ukiyumba kama mlevi au ukikohoa na kukosa pumzi hata umekaa, mwambie kiongozi saa hiyohiyo na ushuke. Kuzaliwa Kibosho au Rombo hakumkingi mtu na ugonjwa wa kimo. Wagumu wengi huficha dalili kwa kuogopa kukatwa siku. Kampuni nzuri humlipa mpagazi mgonjwa siku zote za safari. Uliza hilo kabla ya kupanda.

Mshahara halali ni kiasi gani?

Kiwango ambacho KPAP imekisimamia kwa miaka mingi ni shilingi 20,000 kwa siku kwa mpagazi, na viwango vya dola 10 kwa mpagazi, 15 kwa mpishi na 20 kwa kiongozi vimekuwa vikitajwa kama kipimo katika mazungumzo ya sekta. Zipo kampuni zinazolipa nusu ya hapo na kusema, "tipu itafidia". Jibu lako liwe hapana. Mshahara ni deni la kampuni, tipu ni hisani ya mgeni, na moja haliwezi kulipia jingine.

Kabla ya safari hakikisha una mkataba, hata wa ukurasa mmoja: siku ngapi, shilingi ngapi kwa siku, unalipwa lini (ndani ya siku mbili baada ya kushuka ni desturi nzuri), unakula mara ngapi. Milo mitatu ndiyo haki. Mlo mmoja wa ugali usiku kwa mtu aliyebeba kilo 20 kutwa nzima ni njaa. Uliza pia kama kampuni inachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mguu ukivunjika kambi ya Barranco huko juu, swali hilo ndilo litakaloamua nani analipa hospitali.

Tipu inagawanywaje, na kwa nini watu hugombana?

Kawaida wageni hukusanya fedha na kuzikabidhi kambi ya mwisho au getini. Ugomvi huanza wanapompa kiongozi bahasha moja na kuondoka. Hakuna anayejua kilichomo isipokuwa yeye.

Kinachofanya kazi ni mgeni kusoma kiasi cha kila kundi kwa sauti mbele ya timu yote: kiongozi kiasi hiki, msaidizi hiki, mpishi hiki, kila mpagazi hiki. Hata bahasha ikishikwa na mmoja, wote wamesikia. Kampuni zinazojali huwapa wageni karatasi yenye majina ya wafanyakazi tangu siku ya kwanza, na hiyo huzuia majina hewa kwenye orodha. Tipu itolewe pale timu yote ipo. Wengine hukimbilia daladala mara tu wanaposhusha mizigo Mweka.

Tunalima. Tunawezaje kuziuzia kampuni za utalii chakula?

Hapa ndipo vijiji vingi vinapoacha fedha mezani. Kampuni hununua Moshi mjini, sokoni na madukani, hata vitu vinavyolimwa kilomita tano kutoka getini. Si chuki. Mnunuzi wa kampuni anataka vitu vyote mahali pamoja, saa kumi na mbili asubuhi, na risiti.

Anzeni na hesabu ya chakula cha wafanyakazi, maana wao ndio walaji wengi. Watu 11, siku 7, nusu kilo ya unga kwa siku: karibu kilo 39 za unga. Ongeza maharage, mchele, mafuta, vitunguu, kabichi, sukari na majani ya chai. Wageni wawili katika asubuhi sita, mayai mawili kila mmoja, ni mayai 24, yaani hata trei ya 30 haiishi. Kwa hiyo kikundi kinachotegemea mayai ya wageni pekee kitauza kidogo. Kinachouza unga safi, maharage yaliyochambuliwa na karoti kitauza kila wiki.

Kwa mboga na matunda, mambo ya kuzingatia ni haya. Nyanya ziwe zimeanza tu kuwa nyekundu. Zilizoiva zinapasuka siku ya pili. Parachichi liwe gumu. Ndizi ziwe za kijani zenye kuelekea njano, zifungwe kwa majani ndani ya boksi. Karoti, viazi na tango hustahimili mpaka mwisho. Mchicha haufiki hata kambi ya pili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo fungasheni kwenye viroba, vikapu au maboksi.

Kinachovunja mikataba ni mambo matatu. Kwanza, kikundi kinakubali trei 20 kinaleta 12, na mnunuzi harudi tena. Ahidini robo tatu ya uwezo wenu. Pili, risiti: kampuni inahitaji risiti ya mashine ili gharama ikubalike kwenye kodi, na mkulima mmojammoja hana. Sajilini kikundi, mpate namba ya mlipakodi, au muuze kupitia chama cha ushirika ama duka lenye mashine. Tatu, malipo ya mkopo. Kampuni ikiomba siku 30, nanyi hamna mtaji, mtakwama mwezi wa pili. Ombeni nusu taslimu. Mtaji mnaweza kuutafuta kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Ziara ya kahawa inaandaliwaje?

Materuni, huko Uru, na Marangu zimeonyesha kwamba kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, ni kivutio kwa haki yake, hasa kwa mgeni aliyebakiwa na siku moja kabla ya ndege. Ziara nzuri huchukua saa mbili na nusu hadi tatu: kutembea kihambani, kuonyesha mfereji wa maji, kumenya, kukausha, kukoboa kwa kinu, kukaanga, kusaga, kuchemsha, kunywa.

Kwa wageni 8 tenga gramu 310 hivi za kahawa ya maganda. Zikikobolewa zinabaki kama 250, zikikaangwa zinabaki 210. Kikombe kimoja kinataka gramu 10 hadi 12, kwa hiyo mtakunywa 90 hivi na zitakazobaki mtaziuza palepale kwa pakiti ndogo, na mara nyingi bei ya kile kipakiti hushinda mno ile ya kuuza kahawa ghafi. Kaangeni moto wa wastani dakika 10 hadi 15 mkikoroga bila kuacha. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani kubichi, na kahawa huwa chungu yenye ukakasi.

Kosa la wengi ni kuuza kahawa yote msimu unapokwisha, kisha Februari wageni wanafika hakuna cha kukoboa. Hesabuni wageni mnaowatarajia kati ya Januari na Juni, mweke akiba ya maganda makavu kwenye magunia safi, juu ya vichanja, mbali na mafuta ya taa na vitunguu. Kahawa hunyonya harufu.

Kuhusu fedha, andikeni mgawanyo ukutani: fungu la mwongozaji, la kaya mwenyeji, la mfuko wa kijiji. Programu za utalii wa kiutamaduni zilizoanzishwa nchini katikati ya miaka ya 1990, chini ya Bodi ya Utalii na shirika la SNV la Uholanzi, zilijengwa juu ya fungu hilo la kijiji. Zilipofifia, mara nyingi ni kwa sababu mratibu mmoja alishika kitabu peke yake. Zungusheni kaya wenyeji kwa zamu, na kitabu cha wageni kisomwe kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka. Bei itangazwe kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinazuia kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Je, mgeni anaweza kulala nyumbani kwangu?

Ndiyo, lakini kwanza ongea na afisa biashara wa halmashauri kuhusu leseni. Mgeni havutiwi na sofa kubwa. Anataka godoro zima, shuka safi, neti, mlango wenye kufuli, choo safi chenye taa, na ndoo ya maji moto jioni. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kijiji kama kijiji kinapata nini rasmi kutoka hifadhini?

Hakuna asilimia ya ada za geti inayoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kijiji. Kilichopo ni miradi ya ujirani mwema ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa: madarasa, zahanati, maji, barabara. Kijiji huandika ombi, hupitia halmashauri, na jamii huchangia sehemu, kwa kawaida asilimia 30, ambayo inaweza kuwa mawe, mchanga na nguvu kazi. Maombi hukwama kwa kukosa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, makadirio ya gharama yasiyosainiwa na mhandisi, au mradi usiomo kwenye mpango wa halmashauri. Hayo matatu yakikamilika, mnasikilizwa.

Kuna pia ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, unaolipwa kwa halmashauri. Lakini kampuni iliyosajiliwa Moshi mjini au Arusha hulipa huko. Ndiyo sababu diwani wa kata yenye geti anafanya jambo la maana sana anapoishawishi kampuni kufungua ofisi au stoo yake kijijini.

Lisisahaulike jambo la msitu. Hifadhi ilitangazwa 1973, na 2005 mipaka yake ilipanuliwa kuingiza msitu wote. Kaya zilizokuwa zikikata majani ya mifugo na kuokota kuni ndani ya nusu maili, yaani ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, zilibeba gharama hiyo, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Katika mazungumzo ya ujirani mwema ni haki kabisa kulitaja, na kuomba miradi inayolipa pengo lenyewe: majiko banifu, miche ya miti ya kuni, mbegu za majani ya malisho.

Aprili na Mei hakuna wageni. Tuishije?

Misafara hujaa Januari na Februari, kisha kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, na wiki ya Krismasi. Masika hupunguza sana kazi. Kwa bahati kalenda ya shamba inakamilisha ya mlima: masika ndiyo wakati wa mahindi na maharage kwenye mashamba ya tambarare. Mpagazi mwenye safari mbili kwa mwezi wa msimu aweke akiba ya pembejeo Februari, kabla mvua haijaanza na bei haijapanda. Mwaka 2020 safari zilipokatika kwa sababu ya korona, kaya zilizokuwa zimeacha kihamba ndizo zilizoumia zaidi.

Kebo ikijengwa, wapagazi watakosa kazi?

Wazo la kebo, yaani vigari vinavyoning'inia kwenye waya vya kumpandisha mgeni mlimani, lilitangazwa na serikali 2019 na wapagazi walilipinga. Hoja yao ni nzito: anayepanda kwa kebo na kushuka siku hiyohiyo hahitaji mpishi, hema wala mbeba mzigo, na thamani ya mgeni kwa kijiji inahesabiwa kwa siku anazokaa. Mjadala wowote wa kebo kijijini uanze na swali hilo la siku.

Kampuni imekataa kutulipa. Twende wapi?

Dai kwanza kwa maandishi ofisini kwa kampuni na ubaki na nakala. Wasipolipa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai ya mshahara yafunguliwe ndani ya siku 60 tangu ulipostahili kulipwa. Ukiachishwa kazi isivyo halali ni siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kungoja "bosi arudi safari". Beba kitambulisho, mkataba au ujumbe wa simu ulioitwa nao, tarehe za kupanda na kushuka, jina la kiongozi, na majina ya wenzako wawili walio tayari kushuhudia. Kumbukumbu za usajili wa getini huonyesha msafara uliingia siku gani, kwa hiyo andika jina la geti na tarehe mapema, kabla hujasahau.